Vikwazo Vinamgonga Nani? Maneno Niliyowaambia Vijana Wenzangu Lushoto

(Haya niliyasema kwenye kikao cha vijana wa chama hapa Lushoto. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nimepunguza tu marudio.)

 

Naanza na ujumbe mmoja ulioingia kwenye grupu letu la WhatsApp. Aliyeuandika simtaji, ni mwenzetu na namheshimu. Aliandika hivi: "Dawa ni moja tu. Wazungu wafunge bomba, nchi nzima iwekewe vikwazo, ndipo watatia akili." Chini yake vidole gumba kibao. Kimoja kilikuwa cha kwangu.

Nilikibonyeza kwa hasira, na hasira yetu ina sababu zake, sihitaji kuwasomea. Lakini usiku nikakaa nikajiuliza: hao "watakaotia akili" ni akina nani? Na kabla hawajatia akili, nani atakuwa ameshalala njaa?

Hoja yangu leo ni moja. Vita na vikwazo vinatangazwa kwa jina la mtawala, lakini vinafikia jikoni kwa mama kabla havijafika ikulu. Kwa hiyo sisi tunaodai haki, tukiomba dunia iwabane watawala, ni lazima tuseme wazi abanwe nani, kwa kitu gani, na mpaka lini. Tukishindwa kusema hayo, tutakuwa tunaomba adhabu ya watu walewale tunaosema tunawapigania.

Sitaanzia mbali. Naanzia hapahapa tulipokaa.

Mji huu Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Waingereza walijaribu kuingia Tanga mwezi Novemba wakapigwa, wakarudi kwenye meli zao. Wakabadili mbinu. Mwanzoni mwa Machi 1915 wakatangaza kuiziba pwani yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Meli isiingie, meli isitoke. Kwa lugha ya leo tungesema vikwazo vya uchumi, tena vyenye mizinga.

Sasa nani aliumia? Mjerumani alikuwa na kituo chake cha utafiti pale Amani, Usambara ya Mashariki. Wataalamu wakaingia kazini, wakatengeneza kwinini ya malaria, sabuni, mishumaa, mpaka pombe kali. Serikali ikachapa noti za dharura hapahapa nchini. Na meli mbili zilifanikiwa kupenya. Ya kwanza, iliyoitwa Rubens, ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915. Unajua ilibeba nini hasa? Silaha na risasi. Jeshi likapata, vita vikaendelea mpaka Novemba 1918.

Mkulima wa milimani hakuwa na maabara wala meli. Nguo zilikuwa zinatoka ng'ambo, zikawa adimu. Chakula kilichukuliwa kulisha askari, na noti alizolipwa hazikuwa na thamani tena Waingereza waliposhika nchi. Halafu baada ya kuzibwa ukaja uvamizi wenyewe. Juni 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliufuata mstari wa reli ya Usambara, wakaushika mji huu. Kila jeshi lilihitaji mabega ya kubeba mizigo. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza pekee wanakadiriwa kukaribia 100,000, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Kabichi na karoti zetu zinashuka Mombo kila siku kwenda Dar es Salaam, sokoni Kariakoo. Jina hilo Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha hao wapagazi. Tunalitaja kila siku bila kuwakumbuka.

Mtasema, dada, hiyo ni enzi ya wakoloni. Sawa, twende enzi yetu, vita ambayo wazee waliomo humu waliishi.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Idi Amin lilivamia Kagera, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto ni la Uganda. Watu waliuawa, wanawake walinajisiwa, ng'ombe waliswagwa kupelekwa ng'ambo ya mpaka, maelfu wakakimbia makwao. Tulikuwa na haki kujitetea. Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inasema hivyo, na hata isingesema, mtu akivunja mlango wako unamtoa. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Ushindi ule najivunia, sina aibu nao.

Lakini ushindi nao ulikuwa na bili. Malori na mabasi ya kiraia yalichukuliwa kupeleka askari na vifaa. Gharama ya vita hutajwa kuwa kama dola milioni 500, kwa nchi maskini ambayo Jumuiya yake ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na mwaka huohuo wa 1979 mafuta yakapanda bei duniani. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda miezi 18. Waulizeni wazee hapa kama miezi 18 iliisha. Watawaambia foleni ya sukari, sabuni ya kugawana vipande, khanga ya kuazimana.

Na hapa ndipo mwanafunzi wa sheria ndani yangu anaposhtuka. Uhaba ulizaa magendo, na magendo yakazaa sheria. Mwaka 1983 Bunge lilipitisha Sheria ya Uhujumu Uchumi. Ilianzisha baraza maalumu la kuhukumu, mshtakiwa hana dhamana, haruhusiwi wakili, na iligusa mpaka mambo yaliyotendwa kabla sheria yenyewe haijatungwa. Ilishangiliwa, kwa sababu watu walikuwa wamechoka kukosa sabuni. Mwaka uliofuata ikafutwa na nyingine ikachukua nafasi yake, lakini neno "uhujumu uchumi" mnalijua liko wapi leo. Bado lipo kwenye hati za mashtaka. Vita iliisha 1979. Woga iliouacha ukaandikwa kwenye vitabu vya sheria, na sisi ambao hatukuwa tumezaliwa tunaukuta.

Hapo Tanzania ilikuwa imevamiwa. Kuna siku nyingine sisi ndio tuliokuwa tumeshika bomba, na hiyo watu wengi wa rika letu hawaijui.

Julai 1996 Meja Pierre Buyoya alipindua serikali ya Burundi, wakati nchi hiyo iko katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kabla mwezi haujaisha, viongozi wa kanda walikutana Arusha wakaiwekea Burundi vikwazo. Mpatanishi alikuwa Mwalimu Nyerere mwenyewe. Nia ilikuwa njema: mapinduzi yasizoeleke, wakae mezani. Na haki isemwe, mwezi Septemba Buyoya alirudisha Bunge na kuruhusu vyama tena. Kwa hiyo msije mkanisikia nasema vikwazo havifanyi kitu.

Ila tazama mzigo ulivyogawanyika. Burundi haina bahari, bidhaa zake nyingi zinapita kwetu. Mafuta yakapanda bei, mbolea na mbegu zikawa tabu, dawa zikawa tabu. Wenye jina na wenye kujuana na wakubwa wakaingiza mafuta kwa magendo wakatajirika. Ilibidi viongozi wenyewe mwaka 1997 walegeze kamba kwa chakula, dawa, vifaa vya shule na pembejeo, kwa sababu waliona kamba imemkaba asiyehusika. Vikwazo vilisitishwa Januari 1999. Buyoya alikabidhi madaraka mwaka 2003. Mkulima wa kule mlimani, aliyekosa mbolea msimu mmoja, huo msimu hakurudishiwa na mtu.

Na mbolea ndiyo inayotuunganisha na vita ya mbali kabisa. Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Lushoto na Ukraine wapi na wapi? Bei ya mbolea ilikuwa imeshaanza kupanda mwaka 2021, vita ikaipaisha. Urusi na Belarus ni wauzaji wakubwa wa mbolea duniani. Kwenye karatasi, nchi za Magharibi hazikuipiga marufuku mbolea ya Urusi. Lakini benki kadhaa za Urusi zilitolewa kwenye mfumo wa malipo wa kimataifa, na kampuni za meli na za bima zikaogopa. Ukiruhusu mbolea halafu ukaziba njia ya kuilipia, umeruhusu nini? Mfuko wa kilo 50 wa DAP ukapita shilingi 100,000. Serikali ikaweka ruzuku ya mafuta kuanzia Juni 2022, na ya mbolea msimu wa 2022/23. Walioweka pesa shambani kabla ya hapo mnajua wenyewe mlivyouza viazi. Fuso ikapandisha nauli, dalali akashusha bei ya shambani, na katikati pale kuna mama ameshika gunia.

Hakuna aliyekaa Brussels au Washington akasema, "Tumkomoe mkulima wa Mlalo." Hawakumfikiria kabisa, na mimi naona hilo lina ubaya wake.

Sasa kuna mtu atasimama aniulize: kwa hiyo unatetea watawala? Unataka tunyamaze? Hapana, kamanda. Juni 1959 Mwalimu Nyerere alisimama London, kwenye mkutano wa kuanzisha kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini. Alikuwa sahihi. Lakini wito ule ulitoka kwa Waafrika Kusini wenyewe. Chifu Albert Luthuli na ANC ndio walioomba, wakijua kabisa kwamba na wao wataumia. Waliikubali gharama hiyo kwa niaba yao wenyewe, hawakuandikiwa na mtu aliye kwenye mtandao.

Hata sheria imejifunza, ingawa kwa kuchelewa. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, ibara ya 23, unataka dawa ziachwe zipite hata vitani, na chakula cha watoto na wajawazito pia. Itifaki ya 1977 inakataza kuwaua raia kwa njaa kama silaha ya vita. Desemba 2022 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2664, lilisema misaada ya kibinadamu isizuiwe na vikwazo vyake vya kuzuia mali na fedha. Na ipo njia ya kumbana mtu badala ya nchi. Januari 2020 Marekani ilimpiga marufuku kuingia kwao aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda. Unaweza kuikubali hatua ile au kuikataa, lakini siku ya pili yake hakuna mkulima wa Bumbuli aliyekosa mbolea.

Kwa hiyo naleta maswali matatu. Naomba tuyaulize kila mara kabla hatujaandika neno "vikwazo".

La kwanza: nani ameomba? Tumewauliza watu wa kata zetu, akina mama wa sokoni, vijana wa bodaboda? Au tumeamua sisi wenye bando?

La pili: kinamgonga nani? Taja jina, taja akaunti, taja viza. Kama huwezi kutaja mtu, unataja nchi, na nchi maana yake ni bibi yako.

La tatu: kinakoma lini? Sharti ni lipi, na nani atasema limetimia? Kamba isiyo na mwisho haifunzi mtu adabu, inamzoesha mwenye nguvu kuishi na magendo.

Najua haya hayanogi kama "funga bomba". Hayapati vidole gumba vingi. Lakini sisi tunasema tunataka kuongoza nchi hii. Siku tukiongoza, huenda ni sisi tutakaoketi Arusha kuamua juu ya jirani yetu aliyepinduliwa, na wapo vijana wa nchi hiyo watakaokuwa wanatuangalia. Tuanze kujifunza sasa.

Mimi kidole changu nimeshakiondoa. Mwenzetu aliyeandika nimemtumia ujumbe pembeni, tumebishana mpaka saa saba usiku, na bado hatujakubaliana yote. Yumo humu ndani. Naomba yeye ndiye awe wa kwanza kunijibu, halafu wazee waliopanga foleni ya sukari wafuate.