Mlango wa Mzee: Makao na Matunzo ya Wazee Wasio na Kwao



Anapotajwa mzee asiye na makao, wengi humfikiria ombaomba wa mjini alalaye barazani mwa duka. Katika vilima vya Ileje, Ikinga ikiwamo, mzee wa namna hiyo haonekani barabarani. Hulala jikoni kwa shemeji, au katika nyumba yake mwenyewe iliyokwisha kuinamia upande mmoja kwa mvua. Asubuhi hutoka kuota jua. Wapitao humwamkia shikamoo, naye huitikia marahaba. Nao huenda zao wakiamini kwamba ana kwao.

Kwa hiyo swali la kwanza si la matofali. Ni la kujua mzee huyo alipotezaje mlango wake.

Mara nyingi aliupoteza matangani. Mume hufa, ndugu wa marehemu huketi kikao, na mjane aliyelima shamba lile miaka 40 huambiwa kwamba ardhi ni ya ukoo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, ilibatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Lakini sheria hiyo haihudhurii matanga. Anayehudhuria ni mzee wa Kanisa, na ni haki kuuliza kama amewahi kuitaja kikaoni kabla mjane hajafungasha vyombo vyake.

Wengine walipoteza watoto kabla ya nyumba. Ukimwi uliwachukua watu wazima wa umri wa kufanya kazi, ukawaachia mabibi wajukuu wa kulea bila mtu wa kuezeka paa. Vijana waliosalia waliteremkia Tunduma kutafuta riziki ya mpakani, au wakavuka kuingia Zambia. Baadhi hutuma fedha, baadhi husahau. Tena kuna tuhuma za uchawi, jambo ambalo watu hawapendi kulizungumza kanisani. Usukumani bibi mwenye macho mekundu aliweza kuuawa kwa sababu ya macho hayo, ambayo mara nyingi yaliwekundishwa na moshi wa jikoni. Huko Magu, mkoani Mwanza, watetezi wa wazee walijenga nyumba kwa ajili yao, wakaongeza majiko yasiyojaza moshi. Jiko lile lilikuwa ulinzi kama ulivyokuwa ukuta.

Serikali kwa upande wake ilikuwa na makazi ya wazee tangu zamani: Nunge jijini Dar es Salaam, Fungafunga mjini Morogoro, Njoro mkoani Kilimanjaro, Kolandoto mkoani Shinyanga na mengineyo. Zanzibar ina Sebleni na Welezo. Kadhaa ya makazi ya bara yalianza kama kambi za watu wenye ukoma, na asili hiyo ilibaki katika ramani yake: mbali na watu. Hakuna sababu ya kuyadharau, kwa maana yamewasitiri wengi ambao hawakuwa na mtu kabisa. Hata hivyo, kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Mzee wa Ikinga akipelekwa huko atapata kitanda, lakini atakosa mtu wa kuzungumza naye Kindali, na hatakuwapo wa kumkumbusha jina la mkewe. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ililiona jambo hilo. Iliiweka familia kuwa msingi wa matunzo, na makazi ya pamoja yakawa kimbilio la mwisho.

Njia iliyo bora, basi, ni nyumba ndogo katika kiwanja ambacho mzee anakifahamu, karibu na jirani anayeweza kusikia akiita. Na nyumba pekee haitoshi. Paa la bati halimchotei maji. Choo kikiwa bondeni, mzee mwenye magoti mabovu hatakifikia usiku wa mvua. Kijengwe karibu, kiwe na mti imara wa kushikilia. Awepo mtu aliyepewa zamu ya kuleta kuni, na mwingine wa kufuatana naye kituo cha afya akiwa na kitambulisho cha matibabu bila malipo, kwa sababu wazee wengi hurudishwa njiani na umbali tu, wala si kwa ada.

Fedha kidogo za kudumu nazo zina kazi yake. Huko Nshamba, wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi, wengi wao wakiwa mabibi waleao yatima. Tathmini iliyotolewa mwaka 2008 ilionyesha kwamba fedha hizo zilinunua chumvi, sabuni na viatu vya shule vya wajukuu. Mwezi Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mkazi aliyefikisha umri wa miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumdai uthibitisho wa umaskini. Hilo la mwisho si dogo: mzee hakulazimika kujidhalilisha ili asaidiwe.

Limebaki jambo moja ambalo ni chungu. Nyumba iliyojengwa kwa nguvu za washarika hupendeza, na ndugu waliokuwa hawaonekani huanza kuonekana. Mzee aweza kujikuta amerudishwa jikoni katika nyumba aliyojengewa yeye. Kwa hiyo kabla ya kuezeka, maandishi yafanywe mbele ya serikali ya kijiji, jirani na ukoo wakishuhudia, yakitaja kiwanja ni cha nani, nani atakaa humo mzee akiwa hai, na itakuwa ya nani akifariki. Nakala moja ikae ofisi ya kijiji, nyingine ofisi ya usharika. Ya tatu, pamoja na ufunguo, akabidhiwe mzee mwenyewe.