Kuteleza: Neno Moja, Michezo Mingi



Hapa Kisarawe, masika yakikolea, anayeteleza huanguka. Kitenzi hiki hubeba ajali. Hata hivyo, ndicho tulichokipa michezo ya mbao za thelujini.

Mwaka 1998 huko Nagano, Japani, Philip Boit wa Kenya alishindana kilomita 10 za nyika, akipanda na kushuka vilima kwa nguvu za mikono na miguu. Alimaliza wa mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimngoja akamkumbatia. Mwaka 2018 Mkenya mwingine, Sabrina Simader, alishiriki mbio za kuteremka mlima. Wengine huruka angani.

Tukisema wote “waliteleza”, tunalifuta jasho la Boit. Napendekeza istilahi tatu: nyika ya theluji, mteremko na mruko.