Richard Baxter, Kasisi wa Jeshi la Bunge

Leo nataka kuwaelezeni habari za mtu aliyekwenda vitani bila ya kuchukua bunduki. Vita hivyo vilianza mwaka 1642, baina ya Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza na Bunge lake.

Richard Baxter alizaliwa mwaka 1615 katika jimbo la Shropshire. Hakusoma Chuo Kikuu. Elimu yake nyingi aliipata kwa kujisomea mwenyewe. Mwaka 1641 aliitwa kuhubiri Kidderminster, mji wa wafumaji wa nguo. Vita vilipoanza, watu wa upande wa Mfalme walimtisha, akakimbilia Coventry. Huko maofisa wa Cromwell walimwomba awe kasisi wao, akakataa.

Juni 1645 jeshi la Bunge lilishinda huko Naseby. Baxter akaenda kambini kuwatafuta rafiki zake, na usiku ule akasikia maneno yaliyomshtua. Yeye alidhani vita ni vya kumrudisha Mfalme kwenye sheria. Kumbe askari wengine walitaka kumwondoa kabisa, na kuligeuza kanisa lote! Basi akakubali kuwa kasisi wa kikosi cha Kanali Whalley, apate kubishana nao. Cromwell alimpokea kwa ubaridi, na si ajabu.

Siku moja huko Amersham alibishana nao kanisani tangu asubuhi mpaka karibu na usiku. Hakutoka mpaka wao wametoka kwanza, wasije wakasema kuwa wamemshinda. Mimi naona kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko ya bunduki, kwani adui hukukimbia, lakini rafiki mwenye kukosea hula nawe meza moja.

Mwaka 1647 alitokwa na damu nyingi puani, akaliacha jeshi. Akidhani anakufa, alianza kuandika kitabu juu ya raha ya mbinguni. Kilipigwa chapa mwaka 1650, na watu wengi wakakipenda. Yeye akapona, akarudi Kidderminster. Watu walijaa hata ikabidi kujenga roshani tano ndani ya kanisa.

Mfalme Charles wa Pili aliporudi mwaka 1660, Baxter alipewa uaskofu wa Hereford, akaukataa. Sheria ya mwaka 1662 iliwataka makasisi wote wakubali kitabu cha sala cha Serikali, kila neno. Walioondolewa katika miaka ile walikuwa kama 2,000, na Baxter mmoja wao. Mwaka uo huo alimwoa Margaret Charlton. Alipofungwa mwaka 1669 kwa kuhubiri, bibi huyo alimfuata gerezani kwa furaha, akachukua na kitanda chake kilicho bora.

Mwaka 1685 Jaji Jeffreys alimtukana mzee huyu mbele ya watu, akamtoza faini. Alikaa kifungoni kama mwaka na nusu. Safari hii Margaret hakuwapo. Alikufa mwaka 1681. Baxter mwenyewe alikufa London, Desemba 1691.