Safari ya Kwanza ya Ulaya Wakati wa Baridi: Tujiandaeje?

(Hotuba iliyotolewa kwa kamati za sharika zinazojiandaa kwa safari ya Majilio)



Tumepitia mapendekezo ya ratiba mliyotuletea. Pendekezo lenye miji mingi kuliko yote lina London, Paris, Roma, Geneva, Berlin na Stockholm, yote kwa siku 14. Tunaelewa lilikotoka. Mtu anayekwenda Ulaya mara ya kwanza hutaka kuona kila kitu, maana hajui kama atarudi tena. Hata hivyo tunawaomba mliache, na sababu tutazieleza wazi, kwa kuwa fedha itakayotumika imetoka kwa mama aliyeuza ndizi na mzee aliyetoa debe la kahawa, pamoja na wafadhili walioongezea.

Kwanza ni suala la mwanga. Hapa kwetu jua huchomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima. Katikati ya Desemba, mjini Leipzig, Ujerumani, jua huchomoza baada ya saa 2 asubuhi na kuzama yapata saa 10 alasiri. Mchana mzima hautimizi muda wa saa 8, na Stockholm ni kama saa 6 tu. Kwa hiyo mwenye siku 14 za Desemba ana mwanga unaolingana na siku 9 hivi za kwetu. Akikaa ndani ya treni saa 4 au 5 kila baada ya siku moja, atarudi nyumbani akiwa ameona stesheni nyingi na giza dirishani.

Pili, viza. Viza moja ya Schengen hutumika katika nchi 29, lakini Uingereza haimo. London inataka ombi lingine na ada nyingine. Ombi la Schengen hupelekwa kwa nchi ambako mtakaa siku nyingi zaidi, na katika ratiba tunayopendekeza nchi hiyo ni Ujerumani. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, nayo hairudishwi ombi likikataliwa. Kwa kundi la watu 10 hizo ni euro 900 kabla hamjagusa tiketi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasichelewe chini ya siku 15. Anayesafiri mwisho wa Novemba aanze kutafuta miadi mwishoni mwa Mei, asingoje mavuno. Pasipoti iwe na kurasa 2 tupu, na iwe hai angalau miezi 3 baada ya tarehe ya kuondoka Ulaya. Bima ya matibabu iwe na kinga isiyopungua euro 30,000.

Barua ya mwaliko ni ya lazima, lakini haitoshi. Afisa wa viza anataka kuridhika kwamba msafiri atarudi kwao. Mwalimu au muuguzi ana barua ya mwajiri na hati za mshahara. Mkulima je? Hapa ndipo wengi hukwama, na hapa ndipo kamati zina kazi kubwa. Mkusanyieni hati ya ardhi, barua ya serikali ya kijiji, kitabu cha chama cha ushirika, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wanaobaki. Msimwache mzee aende dirishani na barua ya mchungaji peke yake.

Sasa ratiba. Tunapendekeza miji iliyo karibu karibu na yenye uhusiano nasi. Mngeanzia Leipzig siku 4. Kutoka huko walitumwa wamisionari waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, na katika kanisa la Mtakatifu Thomas, ambako Bach alihudumu kuanzia 1723 hadi 1750, kwa kawaida kwaya huimba Ijumaa jioni na Jumamosi alasiri. Giza la mapema basi si hasara. Mnaingia kanisani kusikiliza. Kutoka Leipzig hadi Dresden ni zaidi kidogo ya saa moja kwa treni. Soko la Krismasi la Dresden lilianza 1434, na huvutia zaidi taa zikishawaka. Kumbukeni tu kwamba masoko hayo hufungwa Desemba 24 au kabla yake, hivyo anayefika wakati wa sikukuu yenyewe atakuta vibanda vinabomolewa.

Karibu na mpaka wa Poland na Ucheki kuna Herrnhut, mji mdogo ulioanzishwa 1722 na wakimbizi wa imani kutoka Moravia. Ndugu zetu wa Rungwe wanaufahamu kwa jina, kwa kuwa Wamoravian walifika kwao mwaka 1891. Nyota za karatasi zinazoning'inizwa madirishani wakati wa Majilio zimechukua jina la mji huu. Mnashuka treni Löbau na kupanda basi. Angalieni ratiba ya Jumapili mapema. Mkipenda nchi ya pili, kutoka Dresden hadi Prague ni kama saa 2 na nusu, viza ni ile ile, ila fedha ni koruna, si euro. Hapo inatosha.

Wapo waliopendekeza wazee waachwe kwa sababu ya baridi. Hatukubaliani nao. Wengi wa wazee hao ndio waliochangia tangu mwanzo, na wenyeji wanawasubiri wao. Kinachotakiwa ni kupanga kwa mwendo wao: nyumba za kufikia zilizo karibu na stesheni, shughuli moja asubuhi na moja alasiri, na kijana mmoja kwa kila wazee wawili. Hatari kubwa kwao ni kuteleza, kwa kuwa barafu nyembamba barabarani mara nyingi haionekani. Viatu viwe na soli yenye meno, na vikubwa kidogo ili soksi za sufu ziingie. Mwenye pumu, shinikizo la damu au selimundu aonane na daktari kabla ya kulipa chochote. Kwa mwenye selimundu baridi inaweza kuamsha maumivu makali, na huyo tungemshauri aende majira ya joto.

Nguo msinunue Ulaya. Makoti mazito yapo kwenye mitumba, Karume kwa walio Dar es Salaam na Memorial kwa walio Moshi. (Yalitoka huko huko, yanakwenda kusalimia.) Nguo mbili tatu nyepesi zilizovaliwa pamoja hushinda sweta moja nene, maana ndani ya nyumba kuna joto na mtavua. Bebeni mafuta ya mgando, kwani midomo hupasuka.

Kuhusu zawadi, nyama na maziwa haviruhusiwi kuingia, hata nyama iliyokaushwa. Ndizi zinaruhusiwa; maembe yanataka cheti. Kahawa iliyokaangwa haina tatizo.

Kila usharika ulete orodha ya majina na nakala za pasipoti kwenye kikao kijacho. Asiye na pasipoti aombe sasa. Wafadhili ambao mmeuliza mchangie nini, tunaomba bima na viatu vya wazee. Tiketi sharika zimekwisha kuzianza.