Mashua Iliyolala Haiamshwi kwa Rangi



Jirani yangu mmoja, mtumishi aliyestaafu, alitumia sehemu ya kiinua mgongo chake kununua mashua ya kuvulia na mashine yake. Mashine ikaanza kusumbua, nahodha akaondoka, mashua ikapandishwa pwani kule Kunduchi na kukaa juani zaidi ya mwaka. Juzi bei ya samaki ikamtia hamu. Akanunua makopo mawili ya rangi, kisha akanialika nikaone chombo "kipya". Kilipendeza kweli. Lakini mzee mmoja mvuvi alikizunguka mara moja tu, akauliza: "Bwana, umepaka mbao au umepaka nyufa?"

Swali hilo ndilo mazungumzo yangu ya leo.

Mbao ikikaa juani muda mrefu hunywea, na nafasi kati ya ubao na ubao hupanuka. Rangi huziba macho ya mwenye chombo, haizibi maji. Kazi ya kwanza ni kukwangua, kuchokoa kalafati iliyooza, na kugonga kila ubao kwa nyundo. Ubao mzima hulia. Uliooza hutoa sauti nzito, ya chini. Kisha ng'oa misumari michache uitazame. Pengine kutu imekwisha kuila, kimebaki kichwa tu.

Tumezoea kusema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata hivyo, mashua kavu haitaki kushindiliwa pamba kwa nguvu zote. Ikirudi majini mbao zitavimba, na zikikosa nafasi zitasukumana hadi kung'oa misumari kwenye mataruma. Fundi anayejua hutia pamba kwa kiasi, kisha hukiacha chombo kielee karibu na ufuko siku mbili tatu, kikivuja huku vijana wakikumba maji, mpaka mbao zijifunge zenyewe.

Tuje kwenye mashine. Petroli iliyolala huharibika na kuacha utando kama gundi ndani ya kabureta. Imwage yote, safisha kabureta, badilisha plagi. Tazama oili ya gia: ikitoka nyeupe kama maziwa, ujue maji yameingia. Raba ya pampu ya maji nayo hukakamaa. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya mashine, lakini pampu isipovuta maji mashine itaungua kwa dakika chache. Kwa hiyo ijaribu mashine ndani ya pipa la maji, kamwe usiiwashe pakavu, na hakikisha unaona maji yakichuruzika kwenye tundu lake.

Safari ya kwanza iwe fupi, mbele ya macho ya watu, na chomboni pawe na makasia, nanga na maboya ya kujiokolea.

Kwa nini nasisitiza hayo? Kwa sababu mashine ikizimika wakati wa kusi, anayechukuliwa na bahari si mwenye mashua aliyelala nyumbani Magomeni. Ni vijana wanne waliokwenda kumtafutia riziki, na wake zao wakingoja ufukoni.

Jirani yangu amekwangua rangi yake yote. Alinung'unika sana, lakini amekwangua. Nawe uliye na chombo kilicholala, brashi ya rangi iwe ya mwisho kuishika.