Mkondo na Upepo: Hesabu za Mabaharia wa Mbio za Sydney hadi Hobart



Kila mwaka, tarehe 26 Disemba, saa saba mchana kwa saa za huko, mzinga hulia katika bandari ya Sydney nchini Australia, na mashua za matanga huanza safari ya maili 628 za baharini kuelekea Hobart, mji mkuu wa kisiwa cha Tasmania. Mbio hizo zilianzishwa mwaka 1945. Rekodi yake iliwekwa mwaka 2017 na mashua iitwayo Comanche, iliyotumia muda wa saa 33 na dakika 15. Je, ni nini kinachoifanya mashua moja itangulie na nyingine ya kasi ileile ibaki nyuma? Jibu, aghalabu, limo ndani ya maji.

Katika pwani ya mashariki ya Australia hupita mkondo wa maji ya vuguvugu utokao kaskazini kwenda kusini. Mahali pengine maji hayo hukimbia kwa mwendo wa maili 2 hadi 4 za baharini kwa saa. Tuchukue mfano wa mashua mbili, kila moja ikikata maji kwa maili 8 kwa saa. Ya kwanza imepata mkondo wa maili 2 unaoisukuma. Ya pili imeingia mahali ambapo mkondo kama huo unaizuia. Ya kwanza husogea maili 10 kila saa, ya pili 6 tu. Baada ya saa 10 zimeachana kwa maili 40, ingawa hakuna nahodha aliyekosea tanga wala usukani.

Ugumu ni kwamba mkondo huo haunyooki kama mto. Hujikunja na kuzaa duara kubwa za maji yanayozunguka. Katika kizio cha kusini cha dunia, duara la maji ya vuguvugu huzunguka kinyume cha mishale ya saa; kwa hiyo upande wake wa magharibi maji huenda kusini, na upande wa mashariki hurudi kaskazini. Anayekwenda Hobart hutafuta upande wa magharibi. Lakini atautambuaje, ilhali bahari yote ni buluu? Hapo ndipo setilaiti husaidia. Baadhi yake hupima joto la uso wa bahari. Nyingine hupima kimo chake, kwa kuwa maji ya vuguvugu hutanuka na kuinuka kidogo kuliko yaliyo baridi. Nahodha naye huthibitisha kwa kipimajoto kilichofungwa chini ya mashua.

Kuhusu upepo, vituo vikubwa vya utabiri vya Marekani na Ulaya hutoa ramani za siku kadhaa mbele. Programu ya kompyuta huchanganya ramani hizo na jedwali la kasi ya mashua katika kila aina ya upepo, kisha hupendekeza njia: wapi kubisha, wapi kusogea nje baharini, wapi kukaribia pwani. Hata hivyo, mabaharia wazoefu hawategemei ramani moja. Hulinganisha tabiri kadhaa; zikiafikiana, huifuata njia kwa moyo mkunjufu; zikitofautiana, hukaa katikati na kungoja ushahidi zaidi.

Msikilizaji, hesabu hizi si za ushindi pekee. Upepo unapovuma kinyume cha mkondo, mawimbi hufupishwa na kuinuliwa, yakawa kama kuta. Mwaka 1998 mashua 115 ziling'oa nanga. Upepo wa kaskazini na mkondo vilizisukuma kwa kasi ya ajabu. Saa moja na ushei baada ya kuanza, Idara ya Hali ya Hewa ilipandisha onyo lake kuwa la tufani. Siku ya pili, upepo wa magharibi na kusini-magharibi wenye kasi ya zaidi ya maili 60 za baharini kwa saa ulizikuta mashua hizo karibu na mlango wa bahari wa Bass, ambako maji ni ya kina kifupi. Mabaharia 6 walifariki, 55 waliokolewa, mashua 5 zilizama, na 44 tu ndizo zilizofika Hobart.

Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Lakini mshindi wa jumla mwaka huo alikuwa mashua ndogo ya futi 35, Midnight Rambler, ambayo wenyewe walichagua kuyakabili mawimbi badala ya kugeuka na kuyapa mgongo.

Uchunguzi wa vifo hivyo, uliokamilika mwaka 2000, uliwalaumu waandalizi kwa kutosimamia ipasavyo, na ukataka utabiri utaje pia nguvu za upepo wa ghafla na kimo cha mawimbi. Sababu ni kwamba takwimu za utabiri ni wastani. Upepo wa ghafla waweza kuuzidi wastani kwa asilimia 40, na wimbi moja laweza kufikia kimo maradufu. Aliyesikia 50 alipaswa kujiandaa kwa 70.

Elimu hii si ngeni kwa watu wa Bahari ya Hindi. Majahazi ya Oman yalishuka Zanzibar kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na mkondo wa Somalia wenyewe hugeuka kufuata misimu hiyo. Manahodha hao walijua lini kusafiri, na pia lini kuacha chombo ufukweni. Kompyuta imeongeza idadi ya tarakimu. Uamuzi wa kwenda au kungoja bado ni wa aliyeshika usukani.