Mshahara Mmoja Hautoshi Nyumba Mbili



  

Liko swali ambalo vijana huwafuata wazee barazani kuwauliza, aghalabu baada ya swala ya Ijumaa. Mtu amehamishwa kazi kutoka Bujumbura kwenda Gitega. Ana mke na watoto 5. Mshahara wake ni wa kadiri, si wa kudharauliwa wala si wa kujivunia. Je, utamtosha yeye na ahali yake huko aendako?

Aghalabu hujibiwa kwamba Mungu atajalia. Jibu hilo ni la kweli, wala hapana Mwislamu awezaye kulipinga. Lakini yule bwana aliyemwuliza Mtume habari ya ngamia wake aliamrishwa amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Maneno ya hotuba hii yote ni juu ya kamba ya kumfungia ngamia huyo.

Ama asili ya uhamaji wenyewe inajulikana. Mnamo Desemba 2018 ilitangazwa kuwa Gitega utakuwa mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, na Bujumbura ukaachiwa biashara. Na mwaka 2019 Bunge likapitisha sheria yake. Tena mwaka 2025 mikoa 18 ya nchi iliunganishwa ikawa 5. Ofisi ikihama, karani wake huhama nayo. Na karani akihama, mkeka na sufuria na watoto huhama naye, au huachwa nyuma. Njia si ndefu, ni kama kilomita 100 kwa kupitia Bugarama na Muramvya. Lakini mtu hutoka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mahali palipo kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, akapanda mpaka karibu mita 1,500. Aliyekuwa akilala na shuka moja sasa ataka blanketi. Na aliyekuwa akila ndagala kila siku sasa atawaona wakiwa wachache na ghali.

Wala kuhama si jambo geni kwa Waislamu wa nchi hii. Wengi wa wale waliotangulia kuswali kando ya ziwa hili walikuja wakitoka pwani, na Ujiji, na Manyema. Hawakuja na mishahara. Walikuja na kazi za mikono na biashara ndogo ndogo, na kila aliyetangulia alimpokea aliyefuata. Neno hili na likumbukwe, kwa sababu jawabu la swali limo ndani yake.

Na achukuliwe karani mmoja wa Buyenzi awe mfano. Huyu si mtu fulani, bali ni sura ya wengi. Kwa miaka 10 amekuwa akisema kwamba anawalisha watoto kwa mshahara wake. Kwa hakika hajasema uongo, ila hajasema yote. Nyumba anayokaa imo katika ua wa marehemu baba yake, kwa hiyo halipi kodi. Mkewe hukaanga maandazi alfajiri na kuuza ndagala jioni. Shemeji yake ni mvuvi, na mara kwa mara huleta kitoweo bila ya kuulizwa bei. Bibi wa watoto huwatazama wadogo, hata mama yao akapata nafasi ya kwenda sokoni. Mshahara wa bwana huyu ulikuwa kama mzigo uliobebwa na watu wanne, naye akadhani anaubeba peke yake. Siku atakayopanda gari kwenda Gitega ndipo mabega ya wenzake yatakapoondoka.

Sasa na ifanywe hesabu. Thamani ya faranga hubadilika, nayo ilishushwa sana mwezi wa Mei 2023. Kwa hiyo ni bora kuhesabu kwa mafungu. Mshahara na ugawanywe mafungu 20, na kila mwenye nyumba aingize tarakimu zake mwenyewe mahali pa hizi zilizowekwa kwa mfano.

Alipokuwa Buyenzi, karani alipata mafungu 20 na mkewe akapata 5; jumla 25. Chakula kilichukua 11, makaa, maji na umeme 3, shule na nguo 4, dawa 1, jamaa, arusi na matanga 3, nauli ya kazini 1. Jumla ya matumizi 23. Yakabaki mafungu 2 ya akiba.

Uhamisho ulipokuja, karani alifanya lile wanalolifanya wengi: alisema, "Nitatangulia peke yangu, watoto wabaki Buyenzi mpaka mambo yatengenee." Maneno hayo yana sura ya busara. Lakini kuondoka kwake kulipunguza nini nyumbani? Fungu 1 la chakula na lile fungu 1 la nauli. Matumizi ya Buyenzi yakawa 21. Huko Gitega akapanga chumba kwa mafungu 3. Kwa kuwa hapiki, akala katika mikahawa kwa mafungu 5. Na kwa kuwa moyo wake uko kwa watoto, alipanda gari kila mwisho wa wiki, nauli ikawa mafungu 3. Hayo ni mafungu 11. Jumla ya nyumba mbili ikawa 32, na mapato ni yale yale 25. Kila mwezi hupungukiwa na mafungu 7. Baada ya miezi 3 upungufu umekuwa 21, yaani umeshapita mshahara mzima wa mwezi. Na ile akiba, hata kama ilikuwako, imekwisha kuliwa. Ndipo daftari la dukani linapojaa, na mshahara hukatwa kabla haujafika mkononi. Wala hapana mtu aliyefanya israfu. Hapana aliyecheza kamari wala aliyenunua kitu cha fahari. Nyumba imeangushwa na kugawanyika kwake.

Zaidi ya hasara ya fedha, iko ile isiyoandikwa daftarini. Mtoto humwona baba yake amechoka, amekuja Ijumaa usiku na kuondoka Jumapili mchana. Mke huamua peke yake kila jambo, kisha hulaumiwa kwa kuamua. Mume huona haya kusema kwamba hana kitu, basi huanza kuchelewa kuja. Na kuchelewa huko huzaa dhana, na dhana huzaa maneno. Wazee walioketi kusuluhisha ndoa wanajua ni ngapi zilizoanza kuharibika kwa namna hii.

Hesabu ya pili ni ya kuhama wote pamoja. Mapato yawe 20 peke yake, kwa maana maandazi ya mama hayajapata wateja huko. Kodi ya nyumba ndogo iliyo karibu na kazini, mafungu 5, na mume aende kazini kwa miguu. Chakula 9: maharage, viazi na ndizi za vilimani, na samaki mara moja kwa wiki. Makaa, maji na umeme 3, kwa sababu ya baridi. Shule na nguo 2, watoto waingie shule ya serikali. Dawa 1. Jamaa na sherehe 1. Jumla 21. Upungufu ni fungu 1 tu.

Na isisemwe kwamba upungufu huo si kitu. Fungu 1 kwa mwezi ni mafungu 12 kwa mwaka. Lakini tofauti ya 1 na 7 ni tofauti ya ufa na ukuta ulioanguka. Ufa huzibika. Mama akipata wateja wa kumpa mafungu 2 tu, upungufu umefutika na akiba ya 1 imepatikana. Basi jawabu la swali ni hili: mshahara wa kadiri waweza kuilisha familia iliyohama, kwa shida ya mwaka wa kwanza, ikiwa nyumba ni moja. Nyumba zikiwa mbili, hautoshi hata ukiongezwa.

Yako mambo manne yapasayo kutazamwa kabla ya safari.

La kwanza ni gharama ya kuhama yenyewe. Lori, kodi ya kutangulia, na mablanketi huweza kufika mafungu 10 au 12 kwa mara moja. Anayejua kwamba atahama na aanze kuweka akiba mapema, wala asiuze cherehani ya mkewe kupata nauli. Huko ni kuuza jembe ili ununue mbegu.

La pili ni kuzifuata haki zilizopo. Ada ya shule za msingi za serikali iliondolewa mwaka 2005, ijapokuwa sare na madaftari vimebaki kwa wazazi. Matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5 na ya wajawazito wanaojifungua yalifanywa bure mwaka 2006. Mtumishi wa serikali anayo kadi ya Mutuelle. Na ahakikishe kwamba majina ya mke na watoto yote yameandikwa, kabla mtoto hajashikwa na homa usiku katika mji asioujua.

La tatu ni mashauriano. Mke na aonyeshwe mshahara kwa tarakimu zake. Wako wanaume wanaoficha mshahara kama siri ya vita, kisha humlaumu mke kwa matumizi ya fedha asizozijua. Yeye ndiye ajuaye kibaba cha mchele hudumu siku ngapi. Tena na aulizwe kazi yake: akihama, anaacha wateja aliowapata kwa miaka. Hilo ni jambo la kuhesabiwa na kushukuriwa.

La nne ni haya ya watu. Katika mfano wa hapo juu, fungu la jamaa na sherehe lilishuka kutoka 3 hadi 1. Huenda hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu jamaa wa Buyenzi husikia kwamba ndugu yao yuko mji mkuu, wakadhani amekuwa tajiri. Na awaambie kweli mapema. Qurani imewasifu waja wa Mungu ambao wakitoa hawafanyi israfu wala hawafanyi uchoyo, bali hushika katikati. Na imeamrisha mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na aliyebaniwa atoe katika kile alichopewa. Mungu hakumkalifisha mtu kwa kile asicho nacho. Kwa nini basi arusi imkalifishe?

Sasa ni zamu ya wale ambao hawakuhama, na hasa wale waliokwisha kukaa Gitega. Mtume alipohamia Madina mwaka 622, aliwaunganisha waliohama na wenyeji kwa udugu. Abdurrahman bin Auf aliunganishwa na Saad bin Rabii, aliyekuwa tajiri, naye akamtaka achukue nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akauliza soko liko wapi. Akaonyeshwa soko la Banu Qainuqaa, akaanza kuuza na kununua samli na jibini, hata akajitegemea. Katika kisa hiki wako watu wawili wa kuigwa: aliyetoa bila ya kuombwa, na aliyeomba njia ya kupata badala ya kupewa tu. Mama anayefika Gitega na karai lake la maandazi hahitaji sadaka kama anavyohitaji mtu wa kumwambia: simama pale, mbele ya shule ile, saa kumi na mbili asubuhi, na nunua unga kwa fulani, kwani mizani yake ni ya haki.

Tena wako ambao hesabu yao haitatimia hata wakihama pamoja na kujibana: mwenye watoto 9, mwenye mgonjwa wa siku nyingi, mwenye wazazi wawili juu yake. Hao wasiambiwe kwamba hawajui kupanga. Katika sura ya Al-Kahf wametajwa masikini waliokuwa wakifanya kazi baharini kwa jahazi lao. Na kwa aya hiyo wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii wamesema kwamba mtu aweza kuwa na mali na kazi, na bado akawa masikini, ikiwa apatacho hakimtoshi. Basi mwenye mshahara usiotosha anaweza kuwa na haki katika zaka. Asione haya kuipokea, wala mtoaji asimtazame shati lake lililopigwa pasi akadhani ameshiba.

Kwa hiyo yafaa Jumuiya ifanye mambo mawili yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, iweke mfuko wa kukopesha mkopo mwema usio na riba, kwa ajili ya gharama ya kuhama tu, urudishwe kidogo kidogo kila mwezi. Kwani mtu akopaye kwa riba ili ahame ameianza nyumba mpya kwa kuichimba msingi. Pili, kila familia inayofika ipewe familia moja mwenyeji ya kuiongoza kwa miezi 6: kuonyesha soko, shule, madrasa na zahanati. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika usemi huo lipo jukumu la mwenyeji pia, kwani jembe latakiwa litoke kwake, na shamba amwonyeshe yeye.

Mwenyezi Mungu awakusanye waliotawanyika, aitie baraka riziki ya halali ijapokuwa kidogo, na azifanye nyoyo za wenyeji kuwa pana kuliko nyumba zao. Amin.